Bi Gwanda na Mfuko wa Ndani

Bi Gwanda alishona sare za polisi kwa miaka ishirini na minane, na jina alilopewa na wazazi wake likapotelea humo humo kazini. Aliingia kwenye karakana ya ushonaji akiwa msichana wa kutia vifungo, akatoka akiwa msimamizi wa meza ya kukatia, macho yamechoka lakini mkono bado haujui kukosea. Siku ya kustaafu walimpa cherehani moja kuukuu kuwa ahsante. Akaiweka barazani kwake, chini ya dirisha, na Jumatatu iliyofuata akaendelea kukanyaga kama vile hakuna lililotokea: suruali za wanafunzi, magauni ya maharusi, mapazia ya watu wenye madirisha makubwa. Majirani walimwita Bi Gwanda, watoto wao wakamwita Bi Gwanda, na hata msoma mita ya maji aliandika hivyo hivyo kwenye karatasi yake bila kuuliza.

Mtoto wake wa pekee alikuwa askari wa usalama barabarani, sajini. Wenzake walimbandika jina la Risiti, kwa kuwa kila aliyekamatwa naye aliandikiwa risiti, awe mkubwa awe mdogo. Lilianza kwa kejeli, likamganda. Mwenyewe hakulichukia wala hakulisherehekea. Hakuwa mtu wa kubeba habari za kazini kuzipeleka nyumbani. Jumapili alikuja kwa mama yake, akala, akatengeneza bomba linalovuja au mguu wa kiti uliolegea, akakaa barazani kidogo, akaaga. Ukimuuliza kazi inaendaje, anakwambia inaenda.

Basi siku moja asubuhi alifika pale barazani mwanamke kijana mwenye begi la kamera begani. Alitoa shikamoo yake vizuri, akakaribishwa kiti, akajieleza. Yeye alikuwa mwongozaji wa filamu, na filamu aliyokuwa akiitengeneza ilikuwa ya kuchekesha, inahusu askari wawili wala rushwa. Alishapita kwa mafundi watatu kutafuta sare, na wote watatu walimtolea nguo ambazo akizivaa mtu unamdhani mhudumu wa hoteli, unamwagiza soda. Alitaka sare za kubuni, kwa sababu zile halisi sheria inazikataza, lakini ziwe na uzito wa kweli, zikae mwilini kama nguo ambayo mtu ameilalia lindoni. Watu wote aliowauliza walimwambia jina moja.

Bi Gwanda alikuwa na pini tano mdomoni. Yule binti alipoanza kumsimulia visa vya askari wake, mmoja mnene na mmoja mwembamba, wanaomkamata msukuma mkokoteni kwa kosa la kutokuwa na vioo vya pembeni, ilibidi kwanza azitoe zile pini, asije akameza moja kwa kucheka. Walikubaliana siku hiyo hiyo.

Kazi ilimkaa moyoni kuliko alivyotarajia. Waigizaji walikuja kupimwa, na yule mnene alikuwa mpole kiasi kwamba alinyanyua mikono kabla hajaambiwa. Bi Gwanda aliyajua mabega ya askari kama mkulima anavyojua mvua: akajua kola iegemee wapi ili mtu aonekane ana cheo ambacho hakimtoshi, na mkanda ukazwe wapi ili tumbo lijitangaze lenyewe. Ndipo mwongozaji alipomuuliza jambo. Kwenye filamu, huyu Mnene anapokea vitu kutwa nzima. Sasa ataviweka wapi?

 Bi Gwanda akaligeuza lile koti nje ndani, akachukua chaki, akachora mstari kwenye bitana, chini ya kwapa la kushoto.

Yule binti aliutazama ule mstari, akamtazama mama, akamuuliza maarifa hayo ameyatoa wapi. Bi Gwanda akamjibu kwamba ukikaa sana na kitambaa, kinakwambia mambo. Halikuwa jibu, lakini lilitosha kwa siku ile.

Ukweli wenyewe aliujua yeye na waliohusika. Miaka ile ya karakana, askari walikuwa wakija mmoja mmoja saa ya mapumziko, koti limekunjwa ndani ya gazeti. Walizungumza habari za jua, habari za watoto, halafu, bila kumtazama usoni, walimwomba awatilie mfuko mdogo wa ndani, pale chini ya kwapa ambapo mkono wa mkaguzi haufiki. Bi Gwanda hakuuliza wa nini. Alishona. Wengine walimletea sabuni, wengine kilo ya sukari. Alijiambia mfuko ni mfuko tu, mtu anaweza kutia humo hata leso. Na moyo ukishaambiwa neno kama hilo mara nyingi, huacha kubisha.

Jumapili moja Risiti alikuja, akazikuta zile sare mbili zimening'inia kwenye kamba, zinangoja pasi. Aliuliza za nani. Mama yake hakuona sababu ya kuficha, akamweleza yote, akitegemea watacheka pamoja. Risiti hakucheka. Alisema kituoni habari za filamu hiyo zimeshafika na watu wanazungumza kwa hasira. Alisema yeye tayari anaonekana msaliti kwa kuandika risiti, na sasa mama yake mzazi ndiye anayewashonea wanaowadhihaki.

"Mama, unanivua nguo mbele za watu," alisema.

"Mimi kazi yangu ni kuvisha, mwanangu. Sijawahi kumvua mtu."

Ilikuwa hoja nzuri, lakini haikumsaidia kitu. Risiti aliondoka bila kugusa chakula, na kwa wiki tatu hakuja. Kila jioni alipiga simu kuuliza kama mama amekunywa dawa yake ya presha, akijibiwa ndiyo, anakata. Bi Gwanda alikuwa mkaidi kwa asili, na ukaidi huo mwanawe aliunyonya kwake. Kila mmoja akakaa upande wake.

Filamu ilipokamilika, mwongozaji alitangaza onyesho la kwanza, Jumamosi alasiri, kwenye ukumbi wenye viti mia tatu. Baada ya kutazama, kipaza sauti kingepitishwa ili watu watoe maoni yao wazi. Bi Gwanda alivaa gauni lake la buluu, akakaa safu ya nyuma kabisa karibu na mlango. Taa hazijazimwa bado akaona wanaingia askari saba, sare zimenyooka, wakiongozwa na mkuu wa kituo. Walikuwa wamekuja kuona kama kuna la kulalamikia. Wa mwisho katika mstari alikuwa Risiti. Hakugeuka nyuma. Walikaa safu ya pili, na katika giza lililofuata Bi Gwanda aliona visogo saba tu, vigumu kama mawe ya jiko.

Filamu ikaanza. Mnene na Mwembamba walikuwa na gari moja la doria lisilowaka bila kusukumwa, na kila walipomsimamisha mtu, kwanza walimsukumisha gari, kisha wakamwomba chai kwa kuwapotezea muda. Ukumbi ulicheka kuanzia hapo. Akaja mkubwa mpya, mwanamke asiyetabasamu, akawakabidhi jalada: watafute askari wala rushwa katika kituo chao. Wakawa hawana budi kujichunguza. Mwembamba akaketi mezani kumhoji Mnene, Mnene akatoa noti ili jalada lipotee. Wakabadilishana viti. Mnene akamhoji Mwembamba, Mwembamba akatoa noti ile ile. Noti ikaenda na kurudi hadi ikachanika katikati, nao wakaanza kugombania upande wenye namba.

Kilichouvunja ukumbi mbavu kilikuwa mfuko. Mwisho wa filamu, mkubwa yule aliamuru Mnene akaguliwe. Koti likafunguliwa, mkono ukaingia chini ya kwapa, ukatoka na leseni nne, kioo cha pembeni, redio ndogo inayoimba, na hatimaye kuku aliye hai, aliyetazama huku na huku kama mtu aliyeamshwa. Watu walilia kwa kucheka. Bi Gwanda hakutazama kioo cha filamu. Alitazama safu ya pili. Mabega ya mkuu wa kituo yalikuwa yanatikisika. Kisogo cha mwanawe kilitulia vile vile.

Taa zikawashwa, kipaza sauti kikaanza kutembea.

Wa kwanza kukipata alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Alisema amecheka, lakini ana wasiwasi, kwa kuwa kesho wanafunzi wake watacheza Mnene na Mwembamba uwanjani, na kila mtoto atataka kuwa Mnene. Mtoto akishacheka wizi, alisema, nusu ya woga wa kuiba imemtoka. Mama mmoja muuza mboga akambishia kutoka alipokaa: wao kule sokoni wamelia miaka yote na hakuna lililobadilika, basi waache angalau wacheke, pengine kicheko kitawauma wahusika kuliko machozi. Walipigiwa makofi wote wawili, jambo lililoonyesha kwamba ukumbi wenyewe haukuwa na hakika.

Kisha akasimama dereva wa lori la saruji, kifua kipana, sauti ya mtu aliyezoea kushindana na injini. Alisema yeye ana lalamiko moja. Filamu imesahau askari wa aina ya tatu, na huyo ndiye kiboko. Yupo mmoja pale kwenye mzunguko wa viwandani. Alimsimamisha asubuhi moja, taa ya nyuma haiwaki. Dereva, kwa uzoefu wake, akatoa noti. Askari akaitazama, akamwambia hiyo inatosha kununua balbu, duka lile pale, nenda. Akaenda, hana jinsi. Aliporudi, askari akamshikia kifuniko cha taa na skrubu zake, akasubiri mpaka ikawaka, halafu, baada ya urafiki wote huo, akamwandikia risiti ya kosa.

"Nilichelewa saa mbili," dereva alisema. "Hao wawili wa kwenye filamu ningemalizana nao dakika moja. Lakini yule! Mtieni yule kwenye filamu, muone watu watakavyocheka."

Watu walicheka kweli. Na wakati wanacheka, Bi Gwanda aliona visogo sita vya safu ya pili vinageuka kwa pamoja kumtazama wa saba. Mmoja wao alimpiga Risiti kofi la begani. Dereva hakuona, alikuwa ameshakaa, ameridhika. Bi Gwanda alibana mkoba wake mapajani kama mtu anayezuia kitu kisiruke. Miaka yote hiyo aliambiwa kazi inaenda. Kumbe ilikuwa inaenda hivi.

Mkuu wa kituo akaomba kipaza sauti. Alikuwa mtu wa makamo, amebakiza miaka michache astaafu. Alisema amecheka, hawezi kukana kwa kuwa wameshamwona. Filamu imetia chumvi, lakini chumvi ni haki ya mpishi. Ila kuna jambo moja hakubaliani nalo. Ule mfuko ni uzushi. Sare ya polisi haina mfuko wa namna ile, haijapata kuwa nao, na mwongozaji angefanya uungwana kuwaambia watu hivyo, ili wasiende kuwapapasa askari makwapani.

Ukumbi ukacheka tena, lakini mwongozaji pale mbele hakucheka. Macho yake yalitangatanga hadi safu ya nyuma, yakamwona Bi Gwanda, kisha yakashuka chini haraka, kama mtu aliyejizuia kuomba.

Bi Gwanda alimtazama vizuri mkuu wa kituo. Kwa mbali alishamjua tangu alipoingia. Zamani alikuwa askari mchanga, mwembamba kama uzi wa sindano, na koti lake lilikuja limekunjwa ndani ya gazeti.

Angeweza kukaa. Lakini yule binti angetoka pale akiitwa mzushi, na uzushi haukuwa wake. Bi Gwanda akasimama, akaomba kipaza sauti kimfikie.

"Mfuko ule si uzushi," alisema. Sauti ilitoka ndogo, akakisogeza kipaza sauti. "Mimi ndiye fundi niliyeshona nguo hizi za filamu, na kabla ya hapo nilishona sare miaka ishirini na minane. Mfuko ule niliushona kwa mikono hii. Si mmoja. Hakuna aliyenishikia kisu; nilijiambia mfuko ni mfuko tu, nikala, nikalala. Kwa hiyo mnapowacheka wale wawili, mnicheke na mimi. Nimo."

Hakuna aliyecheka. Mkuu wa kituo alikuwa bado amesimama.

"Majina sitayataja," akaendelea. "Fundi hupima vifua vya watu, hatangazi vipimo."

Mkuu wa kituo akakaa taratibu.

Yule mama muuza mboga ndiye aliyeuliza swali ambalo Bi Gwanda hakuwa amejiandaa nalo: katika wote hao, hakupatikana hata mmoja aliyeukataa?

Bi Gwanda alifikiri akae bila kujibu. Lakini jibu lilikuwa limekaa moyoni mwake miaka kumi na moja, na likaona mlango uko wazi.

"Wengi hawakuwahi kuniomba, na hao Mungu awabariki," alisema. "Lakini yupo mmoja. Aliniletea koti lake jipya siku anaanza kazi, nimpunguzie kiuno. Nikampima, na kwa mazoea mabaya, mdomo ukatangulia: nikamuuliza, na mfuko wa ndani je? Akanitazama, hajanielewa hata kidogo. Akaniambia, 'Mfuko wa nini, Mama?'"

Alipumua.

"Sikuwa na uso wa kumjibu. Tangu siku hiyo sikushona mwingine, mpaka huu wa filamu."

Akakaa. Ilichukua muda kidogo neno lile la mwisho la yule askari, 'Mama', kuingia katika vichwa vya watu. Kisha makofi yakaanza mahali fulani katikati, yakaenea, na safu ya pili askari watano walisimama wakipiga makofi wakimtazama mwenzao, ambaye alikuwa ameinamisha kichwa, masikio yamemwiva.

Nje ya ukumbi, penye bango la filamu, watu walisongamana wakiendelea kubishana. Mwongozaji alimkumbatia Bi Gwanda. Mkuu wa kituo alimjia, akavua kofia, akamsalimu habari za siku nyingi. Akasema kwa sauti ya chini kwamba ule wake aliufumua mwenyewe, miaka mingi sasa. Bi Gwanda alimjibu kwamba hakumuuliza, lakini amefurahi kusikia. Mkuu akavaa kofia yake, akaondoka akiwa amenyooka.

Risiti alifika mwisho. Aliuchukua mkoba wa mama yake mkononi kama alivyozoea, nao wakaanza kutoka. Getini wakakutana uso kwa uso na dereva wa saruji, ambaye alitambua alichokifanya, akatafuta pa kujificha mwili wake mkubwa, asipate.

"Balbu bado inawaka?" Risiti alimuuliza.

"Inawaka, afande."

"Vizuri. Nitaikagua Jumatatu."

Dereva akacheka kwa wasiwasi, akamwamkia Bi Gwanda kwa heshima zote, akayeyuka kwenye umati.

 Walipokaribia nyumbani, Risiti ndiye aliyeanza mazungumzo.

"Kumbe siku ile ulikuwa unaniuliza hilo."

"Hilo hilo."

"Mbona hukuniambia miaka yote?"

"Nilianza kukuheshimu siku ile, baba. Na mtu unayemheshimu huna haraka ya kumwonyesha uchafu wako."

 Risiti alihamisha mkoba mkono wa pili, akamshika mama yake kiwiko wakavuka barabara, ingawa hapakuwa na gari lolote linalokuja. Jioni hiyo alikula sahani mbili.

Filamu ile ilionyeshwa wiki baada ya wiki. Wengine walisema imewaonea polisi, wengine walisema imewahurumia mno, na wote hao walirudi kuitazama mara ya pili. Malalamiko rasmi hayakupelekwa popote. Kituoni, askari aliyesikika akisema kwamba mama wa Risiti amewauza, aliulizwa na wenzake koti lake analipeleka kwa fundi gani, akanyamaza.

Jumapili moja ya mwezi uliofuata, Risiti alimpitia mama yake akiwa amevaa kiraia, akamwambia ajiandae, tiketi anazo. Walikaa katikati ya ukumbi. Safari hii alicheka tangu mwanzo, kicheko kikubwa ambacho Bi Gwanda alikuwa hajakisikia tangu mwanawe akiwa na umri wa kupoteza meno. Kuku alipotoka mfukoni, alimwegemea mama yake begani, hana nguvu.

Hadithi ilipokwisha, majina yakaanza kupanda kwenye kioo: waigizaji, wapiga picha, waliobeba taa. Watu walianza kunyanyuka na kukusanya vitu vyao. Kijana mmoja na mkewe walitaka kupita mbele ya Risiti kwenda mlangoni, lakini Risiti alikuwa amenyoosha miguu, hakuikunja, macho yako mbele.

"Samahani, ndugu, subirini kidogo tu," aliwaambia. "Jina la mama yangu linakuja."